Bolti nayo ni spea

Ilikuwa Novemba, korosho zimejaa maghalani na kila mwenye gari anahangaikia mzigo, Probox yangu ikaanza kunywa maji. Asubuhi najaza rejeta, jioni nikirudi Mtwara kutoka Tandahimba yamepungua karibu lita nzima, na chini ya gari hakuna hata tone. Siku ya nne nikachomoa kijiti cha oili, kikatoka na kitu chenye rangi ya chai ya maziwa. Mwenye gari akishaiona rangi hiyo hahitaji kuambiwa.

Gasketi ya hedi, kile kizibo chembamba kati ya bloki ya injini na hedi iliyo juu yake, ilikuwa imekwenda. Hedi ikashushwa, ikapelekwa kusawazishwa, nikanunua gasketi mpya, oili, chujio na gundi ya silikoni, siku ya tatu nikawa barabarani. Baada ya wiki tano maji yakaanza kupungua tena.

Nikahamia kwa fundi mwingine, mzee aliyejifunza kazi enzi za Land Rover na Bedford. Siku hizi hafungi tena injini mwenyewe, anakaa kwenye kigoda na kusimamia vijana. Aliagiza bolti zote kumi za hedi zifunguliwe kwa mpangilio, zioshwe kwa petroli, zifutwe zikauke. Kisha akaomba kipande cha kioo cha dirisha, akakilaza mezani, akazisimamisha bolti juu yake kwa vichwa vyao, miguu juu, zimejipanga kama watoto wa shule mstarini. Akachukua rula ya chuma akailaza juu yao.

"Mjomba, inama uangalie," akaniambia.

Niliinama mpaka jicho likawa sawa na rula. Bolti mbili tu ndizo zilizokuwa zimeibeba. Juu ya zile nyingine mwanga wa nje ulikuwa unapita. Akaichukua moja kati ya zile mbili, akanipa, akaniambia nipitishe ukucha kutoka kichwani kushuka. Ukucha ulitelemka vizuri, halafu karibu na mwanzo wa meno ukazama kidogo, ukapanda tena. Bolti ilikuwa na kiuno.

"Gasketi ulinunua mpya," akasema, "lakini aliyepewa kuishika alikuwa ameshachoka."

Fundi wa kwanza sikumfuata kugombana naye, na mpaka leo sioni sababu ya kufanya hivyo. Nilinunua kila alichoandika kwenye orodha, akafunga kila nilichonunua. Bolti hazikuwemo kwenye orodha ile. Na ninajijua: angeziandika ningezifuta. Ningemuuliza, fundi, na bolti nazo zinaisha?

Zinaisha. Si zote, na si kila mara zinapofunguliwa, na hapo ndipo mjadala wa gereji zetu za Mtwara na Lindi unapopotea. Mmoja anasema bolti hurudishwa, chuma ni chuma. Mwingine, aliyewahi kuungua kama mimi, anasema zote zitupwe. Wa kwanza anaitwa mchoyo, wa pili anaitwa mwenye pesa za korosho. Mimi nasema suala hili halihusu uchoyo wala utajiri. Linahusu namna bolti yenyewe ilivyotengenezwa kukazwa, na namna hiyo inajulikana, inapimika, na inaweza kuamuliwa kabla hedi haijashushwa.

Tuanze na bolti inavyoshika. Wengi tunaifikiria kama msumari: imeingia, imebana, basi. Kumbe bolti inashika kwa kuvutika. Ukiikaza, kichwa kinakalia hedi, meno yanajivuta ndani ya bloki, na mwili ulio katikati unarefuka kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Chuma kilichorefuka kinataka kurudi urefu wake, na huko kutaka kurudi ndiko kunakoibana hedi juu ya gasketi. Mtoto mwenye manati anaijua sehemu hii: mpira ukivutwa, unavuta nao. Fundi wa ujenzi anaijua sehemu ya pili. Chukua waya laini wa kufungia nondo, uvute kidogo, utarudi. Uvute zaidi, utafika mahali unarefuka na haurudi tena. Bado haujakatika, bado unabeba mzigo, lakini urefu wake wa zamani umeshapotea. Vuta mara ya tatu au ya nne, utauona unakonda mahali pamoja, na hapo ndipo utakapokatikia.

Watengenezaji wa injini za siku hizi wanaivusha bolti ya hedi mpaka huo kwa makusudi. Ukiisikia mara ya kwanza unaweza kudhani ni wazimu, lakini ina hesabu yake. Bolti ikishafika eneo la kutorudi, hata ukiizungusha zaidi kidogo mbano wake hauongezeki sana. Kwa hiyo bolti kumi zenye meno yasiyofanana sawasawa, moja ina oili zaidi, nyingine imepata vumbi, zote zinaishia kubana karibu sawa, na gasketi inakandamizwa sawa kuzunguka kila silinda. Ndiyo maana bolti hizi hazikazwi kwa namba peke yake. Injini ya 1NZ-FE, ile iliyojaa kwenye Probox na IST zetu, bolti zake za hedi zinakazwa kwanza kwa Nm 29 (newtoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), halafu kila moja inapigwa alama ya rangi, inazungushwa nyuzi 90, yaani robo ya mzunguko, halafu nyuzi 90 nyingine. Ukisikia fundi anazungumza nyuzi, ujue bolti hiyo ni ya kutazamwa kwa macho mawili.

Kwa nini isitoshe kutumia spana ya toki peke yake, ile inayolia ukifika nguvu uliyoipanga? Kwa sababu toki inapima jasho la mkono, haipimi mbano. Katika nguvu zote unazotia kwenye spana, takriban sehemu 1 kati ya 10 ndiyo inayokwenda kuivuta bolti. Zilizobaki zinaliwa na msuguano, sehemu chini ya kichwa cha bolti na sehemu kwenye meno. Sasa chukua bolti yenye kutu, ya injini iliyokaa miaka karibu na bahari, ifunge kavu bila tone la oili. Toki italia pale pale ilipolia mwaka jana, fundi ataridhika, na hedi itakuwa imebanwa nusu ya inavyotakiwa. Hakuna atakayejua mpaka gari lipande mlima wa Newala na abiria saba.

Hapa lazima niwatetee wazee, kwa sababu vijana wenye simu wameanza kuwacheka. Mafundi waliotufundisha kurudisha bolti hawakuwa wajinga wala wabahili. Injini walizojifunzia zilikuwa na bloki ya chuma cha kumimina na hedi ya chuma hicho hicho, na bolti nene zilizokazwa kwa namba tu, zikabaki upande wa kurudi, kama manati. Bolti ya namna hiyo ukiisafisha unaweza kuirudisha mara nyingi. Tena walikuwa na desturi nzuri: gari likishatembea siku kadhaa, wanalirudisha gereji kukaza hedi upya. Kwa injini zile ilikuwa sahihi kabisa. Bolti za nyuzi zilianza kuenea kuanzia miaka ya 1980, pamoja na hedi za aluminiamu, na aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kila injini inapochemka hedi inainuka na kuivuta bolti, inapopoa inailegeza. Ukija baada ya wiki na spana yako kuikaza tena bolti ya nyuzi, unachofanya ni kuivuta mara ya pili chuma ambacho kimeshavutwa mpaka mwisho. Desturi ile ile iliyomwokoa mwenye Land Rover inamuua mwenye IST.

Na nani angewaambia? Ujuzi wa gereji zetu unapita kutoka mkono hadi mkono. Gari limekuja likiwa limetumika Japani, na kama kuna kitabu kwenye droo ya dashibodi, kimeandikwa Kijapani. Kitabu cha fundi, chenye namba za kukazia, hakikuwahi kuja kabisa. Siku hizi kinapatikana kwenye simu, na nimemwona kijana wa miaka kumi na tisa akimsomea mzee wake namba za hedi kutoka kwenye kioo kilichopasuka, mzee akiziandika kwa chaki kwenye mlango wa chuma wa gereji. Natamani kila gereji ya mikoa hii miwili ifanye hivyo.

Sasa, je, kila bolti ya injini itupwe? Hapana, na anayekwambia hivyo ana duka. Bolti za kava la juu, za sampu, za manifoldi ya hewa, za altaneta, za pampu ya maji, hizo ni za kuosha, kukagua meno, kutia tone la oili na kurudisha. Hazijavutwa kupita mpaka. Zinaharibika kwa kuchubuka kichwa au kuliwa na kutu, mambo ambayo jicho linayaona. Stadi za egzosi, zile bolti zisizo na kichwa, zinahitaji ukali zaidi, kwa sababu moto na kutu huzila mpaka zinabaki nyembamba kama penseli. Nati zenye plastiki ya kujifunga ndani, na pini za kukunja, usirudishe, bei yake ni ndogo mno kubishania.

Ubishi wenye maana unabaki kwenye bolti chache: za hedi, za konrodi (rodi inayounganisha pistoni na krenki), za kushikilia beringi kubwa za krenki, za flaiwili, na ile moja kubwa ya puli ya krenki. Hapa watengenezaji wenyewe hawakubaliani, na mwenye gari anapaswa kujua anaendesha la nani. Volkswagen wanasema za hedi zikishafunguliwa tupa, hakuna kupima. Toyota, kwa injini zao nyingi, hawasemi tupa. Wanasema pima. Kitabu kinatoa urefu wa mwisho wa bolti ya hedi, na kwa bolti ya konrodi kinatoa unene wa mwisho mahali ilipokonda zaidi. Bolti ya konrodi ya 1NZ-FE ikiwa mpya ina milimita 6.6 hadi 6.7, na ikishuka chini ya 6.4 haifai. Kutoka bolti mpya hadi ya kutupa ni kama 0.2 ya milimita, unene wa karatasi mbili za daftari. Jicho la fundi, hata la miaka arobaini kazini, haliwezi kuiona. Kalipa, kile kipimo cha unene na urefu, inaiona, na fundi aliyenunua spana ya umeme ya kufungulia matairi hana sababu ya kukosa kalipa.

Kwenye konrodi sina huruma hata kidogo. Bolti ya hedi ikichoka, maji yanapungua, gari linachemsha, unapaki pembeni unatukana unalala pale Mnazi Mmoja ya Lindi. Bolti ya konrodi ikikatika, rodi inatoboa bloki. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, pistoni inavutwa juu na chini mara 50 kila sekunde, na kila mara bolti zile mbili nyembamba ndizo zinazoizuia isiendelee na safari yake. Chuma kinachovutwa na kuachiwa hivyo kinachoka kwa ndani, kinapata ufa usioonekana, na siku ya kukatika hakitoi taarifa. Kama umefungua injini mpaka rodi, na kipimo kimesema bolti iko ukingoni, usitafute mtu wa kukubembeleza. Nunua mpya.

Kusini kwetu kuna mambo yanayoiharibu bolti hata kabla haijafunguliwa. Chumvi ya bahari kila mtu anaitaja, na ni kweli, gari linalolala Shangani au Mikindani linaonyesha kutu kwenye vichwa vya bolti mapema kuliko la Masasi. Lakini naona mkosaji mkubwa ni maji tunayotia kwenye rejeta. Uwanda wa Makonde una shida ya maji ya miaka mingi, dereva akiishiwa njiani anatia alichopata, cha kisima, cha tangi la mvua, chochote. Kuleni, ile dawa ya rejeta, anaiona ni anasa. Maji matupu yanaleta kutu kwenye njia za injini, na pale ambapo bolti inapita karibu na njia ya maji, au gasketi imeanza kupitisha, kutu inaifikia. Bolti iliyoliwa hivyo haipimwi urefu wala unene. Inatupwa, hata kama ni ya mwaka jana.

Halafu kuna matundu, na hapa naomba msomaji avumilie, kwa sababu nimeona bolti mpya kabisa zikisingiziwa kosa la tundu chafu. Matundu mengi ya bolti za hedi yamezibwa chini. Hedi inapoinuliwa, maji na oili vinamwagikia humo. Fundi akifuta uso wa bloki ukang'aa, akasahau matundu, bolti inashuka juu ya kimiminika kisicho na pa kwenda, na kimiminika hakishindiliki. Toki inalia mapema kwa sababu bolti inasukumana na maji, hedi haijabanwa, au mbaya zaidi, bloki inapasuka. Siku ile ya Probox yangu umeme ulikuwa umekatika, kompresa haifanyi kazi. Kijana alichana utepe wa kanga kuukuu, akausokota kwenye waya, akauingiza tundu la kwanza. Ukatoka umelowa, rangi ya kutu iliyochanganyika na oili. Akakata mwingine. Ukatoka na unyevu kidogo. Wa tatu ukatoka mkavu, akahamia tundu la pili. Matundu kumi, tepe tatu kila moja, mgongo umepinda juu ya injini. Kisha mzee akampa moja ya zile bolti mbili zilizokataliwa, ikiwa imepasuliwa mfereji kwa msumeno kutoka ncha mpaka juu, aipitishe kila tundu kwa mkono. Ule mfereji ulikuwa unakusanya uchafu wa kwenye meno. Alipoitoa tundu la mwisho, mfereji wote ulikuwa umejaa tope jeusi, gumu kama nta. Tope hilo lilikuwa limekaa pale wakati hedi yangu inafungwa mara ya kwanza.

Nikageukie upande wa pili wa shilingi, ule ambao wanaopigania bolti mpya hawapendi kuusikia. Bolti mpya isiyojulikana ni hatari kuliko bolti ya zamani iliyopimwa. Narudia kusema hivi kila nikikutana na mwenye gari anayetoka duka la vifaa vya ujenzi na bolti mkononi, akifurahi kwamba amepata "ile ile". Ameipata kwa macho. Kichwa kinafanana, unene unafanana, urefu unafanana.

Aitazame kichwani kwanza. Bolti ya maana ina namba: 8.8, 10.9, 12.9. Namba ya kwanza ukiizidisha kwa 100 unapata nguvu ya kukatika kwa kila milimita ya mraba, kwa newtoni. Bolti ya 8.8 ni 800, ya 10.9 ni 1,000. Namba ya pili inasema ni sehemu gani ya nguvu hiyo bolti inaanza kuvutika isirudi: 80 kwa mia, 90 kwa mia. Toyota nao wana alama zao, namba moja au mistari. Bolti isiyo na alama yoyote ni ya geti. Halafu ahesabu meno. Bolti ya milimita 10 ya gari la Kijapani mara nyingi ina nafasi ya 1.25 kati ya jino na jino, wakati ya dukani mara nyingi ina 1.5. Inaingia raundi mbili tatu kwa mkono, inakuwa nzito, fundi anadhani ni kutu, anachomeka bomba kwenye spana. Meno ya aluminiamu yanachubuka yote, bolti inavuka, na sasa tatizo la bolti moja limekuwa tatizo la bloki nzima.

Kosa hili la kulinganisha kwa macho limewahi kutokea mahali ambapo mtu hategemei kabisa. Tarehe 10 Juni 1990 ndege ya British Airways iliyotoka Birmingham kwenda Málaga ilifumuka kioo cha mbele cha upande wa rubani ikiwa angani, rubani akavutwa nje nusu mwili, na wenzake wakamshika miguu mpaka ndege ikatua Southampton. Hakufa mtu, hata yeye. Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa saa 27 kabla. Katika bolti 90 zilizokishikilia, 84 zilikuwa nyembamba kwa karibu 0.66 ya milimita, na 6 zilikuwa fupi. Fundi alizichagua kwa kuzilinganisha na za zamani. Linalonigusa zaidi ni kwamba nyingi kati ya hizo za zamani nazo hazikuwa sahihi: zilikuwa fupi kuliko zilizoagizwa, ila zilikuwa zimeshikilia miaka yote hiyo. Kwa hiyo kauli ya "iliyokuwepo ilikuwa inafanya kazi" haitoshi hata kuchagulia mfano. Namba ya spea ndiyo inayochagua, na inapatikana kwa kuandika aina ya injini na namba ya chesisi ya gari lako.

Zile za mtumba, zilizotoka kwenye injini iliyovunjwa, naziweka kundi moja na za geti. Fundi anapokwambia ana "origino" kwenye kopo, muulize imekazwa mara ngapi. Hajui, na hawezi kujua. Akizipima zote mbele yako na kitabu kikakubali, hiyo ni habari nyingine.

Sasa tuje kwenye pesa, maana ndiko kila kitu kinakokwama. Seti ya bolti za hedi niliyonunua mara ya pili haikufika nusu ya nilicholipia gasketi, ufundi na kusawazisha hedi kwa mara nyingine, bado sijahesabu siku za msimu zilizopotea gari likiwa juu ya mawe. Lakini bolti ina balaa la kutokuonekana. Gasketi ya zamani inatoka imeungua, mwenye gari anaiona, analipa bila kinyongo. Bolti inatoka inang'aa, imesafishwa, anaambiwa ainunue upya, anahisi anaibiwa. Fundi analijua hilo, kwa hiyo haiandiki, kwa sababu anataka kazi. Wenye magari ndio tunaowafundisha mafundi wetu kunyamaza. Ndiyo sababu naona mzigo mkubwa uko kwetu: tuulize wenyewe, kabla hedi haijashushwa, bolti hizi ni za namba au za nyuzi, zinapimwa au zinatupwa, na nani ana kalipa.

Upande wa upatikanaji, tuko mbali, hilo halina ubishi. Seti kamili mara nyingi inatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550, inakuja na basi kama kifurushi. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara eneo la Somanga, hata kifurushi hicho hakikuwa na njia. Wenye maduka ya spea wa Mtwara, Lindi na Masasi wanajua kabisa ni injini gani zinazotembea huku. Wanaweka gasketi za 1NZ kumi ukutani, hawaweki seti hata mbili za bolti zake, kwa sababu hakuna anayeziulizia. Zikiulizwa zitawekwa. Na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambao wapo Mtwara na Lindi, na wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani, ningewaomba katika jaribio lao wamwekee fundi bolti kumi mezani na kalipa, wamuulize zipi anarudisha. Swali hilo moja lingetuambia mengi kuliko kumtazama akifungua tairi.

Za kwangu niliziagiza kwa namba, zikafika na basi, mimi nikiwa stendi tangu kabla ya adhuhuri. Mfuko mdogo wa nailoni, bolti kumi, zimepakwa mafuta mepesi. Kijana alipochukua kitambaa kuzifuta, mzee akamshika mkono. Yale mafuta yamo kwenye hesabu ya Nm 29, ukiyatoa namba nayo inabadilika. Akampa badala yake oili ya injini kwenye kifuniko cha chupa, atie tone kwenye meno na chini ya kichwa cha kila moja.

Wakakaza Nm 29, kuanzia katikati kwenda pembeni. Kijana akapiga doa la rangi nyeupe kwenye kila bolti, upande unaotazama mbele ya injini. Nyuzi 90, madoa yote yakageukia ubavuni. Nyuzi 90 tena, polepole, bila bomba, mzee akihesabu kwa sauti. Alipomaliza ya kumi akaniita nitazame mwenyewe. Madoa yote kumi yalikuwa yanatazama nyuma.